Mikono ya Kanzu Nyeupe

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Mama yake alifariki kabla hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyewashonea mapadre wa parokia kanzu na mavazi ya misa. Utoto wake ulipita chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa, akipiga domo huku cherehani ikimwitikia.

Sasa Chiriku alikuwa ng'ambo akisomea ufamasia, na macho ya shangazi yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali. Upasuaji mdogo tu. Shangazi hakutaka hata kusikia. "Nani aniguse jicho na kisu? Niacheni na giza langu." Cherehani ikafunikwa shuka.

Papa alipofariki na makardinali wakajifungia kumchagua mwingine, shangazi alipiga simu asubuhi mapema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Si uko mji huohuo wa Papa?"

"Niko, ila leo nina maabara."

"Maabara haihami. Ukimaliza nenda ukanitazamie."

Alipomaliza akaenda moja kwa moja, koti la maabara limeviringishwa kwapani. Kusema kweli, kanisani hakuwa akikanyaga tangu afike huko. Misa kwa lugha ya wenyewe ilimfanya ajione mgeni mara mbili. Uwanja wa mbele ya kanisa la Papa ulifurika watu hadi barabarani. Akajikuta amebanwa ubavuni mwa mtawa mnene aliyekuwa akitafuna tufaha, na wote wameikodolea macho dohani nyembamba juu ya paa.

Moshi ulianza mwembamba, wa kijivu, watu wakaguna. Kisha ukafumuka, mweupe pepepe: Papa amepatikana. Kengele zikalipuka. Mtawa aliangusha tufaha lake, akamkumbatia Chiriku kama waliokua nyumba moja.

"Shangazi, mweupe!" Chiriku alipiga kelele shangazi alipopokea simu, na baada ya hapo maneno yakamkauka. Yeye, Chiriku! Akainua simu juu ili shangazi asikie kengele.

Walingoja sana, simu ikiwa wazi, mpaka pazia la roshani ya kanisa likafunguliwa.

"Ametoka?"

"Ametoka."

"Yukoje?"

"Mzee. Anatetemeka kidogo. Ameinua mkono kutusalimia, kisha kaushusha kama hajui auweke wapi."

"Kanzu imemkaaje?"

Chiriku alifuta machozi ili aone vizuri kwenye skrini kubwa ya uwanjani. "Mikono mirefu, shangazi. Imemfunika mpaka vidole."

"Maskini! Hawakumpima. Wamemvisha mbiombio na moyo wake ukiwa mbali. Na mabega je?"

"Yameshuka."

"Ya kanzu au ya kwake?"

"Ya kwake, shangazi."

Sauti ya shangazi ilikuwa imelowa. "Ningekuwa hapo ningemkunjia mikono hiyo palepale, akiwa amesimama. Mtu asianze kazi nzito huku nguo inamzuia."

Uwanja mzima ukatulia.

"Shangazi, anabariki."

"Basi piga magoti. Na mimi niko chini hapa."

Chiriku alipiga magoti juu ya mawe, simu sikioni. Katikati ya umati ule alisikia pumzi za shangazi, na ule ugeni uliomkaa kifuani muda wote ukalegea. Hakuomba kitu. Alisikiliza tu pumzi zile mpaka watu walipoanza kuinuka.

"Chiriku," shangazi akaita, "yule daktari wa macho bado anapokea watu?"

"Anapokea. Kwani vipi?"

"Nimechoka kuazima macho."

Shangazi hakugeuza kauli. Mdogo wake alimpeleka, akafanyiwa jicho moja kwanza. Bandeji ilipotolewa walimpigia Chiriku simu ya video, na shangazi akakaa akimtazama, midomo ikimcheza.

"Sogea kwenye mwanga."

Chiriku akasogea dirishani.

"Jamani, umekuwa mtu mzima." Kisha akakunja uso. "Na hiyo kola, nani kaishona kombo namna hiyo?"

"Mimi mwenyewe, shangazi."

"Ndiyo maana!"

Wakacheka wote wawili, machozi yakiwatoka, mpaka muuguzi akaja kumkumbusha shangazi kwamba jicho bado bichi, asilisumbue.