Moto ya Mwezi ya Tano

Siku ya kwanza ya kazi, kapita Ngoie, musimamizi wetu, hakunipatia jembe. Alinipatia kiberiti.

"Papa, miye nilikuja kulinda miti," nikamuambia.

"Njo kulinda kwenyewe, mutoto ya muji, ya kule Kampemba. Sasa nyasi ingali na maji ndani, moto inatembea pole pole kama mama ya mimba. Ngoja mwezi ya kenda, utaona vile inakimbiaka."

Ile mushitu, ni kusema pori nzito ya pembeni ya maji, ilikuwa kadogo, upande ya Kasapa. Bachomaji makala na bafyatuaji matofari balikuwa bameikula. Tukajaza mashimo yabo, tukapanda miti ya misafwa na mikuyu ku kamuto, ule muto kadogo ya mule ndani, na kila mwezi ya tano tukachoma nyasi ya inje, juu moto ya kiangazi ikikuja ikute paka majivu tu, irudie. Miaka kumi na moja. Maji ikapita tena safi. Saa sita tulikuwa tunakula bukari, ugali yetu, miguu mu maji, Ngoie anasema vidole yangu inafukuza samaki.

Kisha akakuja mukubwa mupya ya pori, konservatere Kilufya. Ninamutaja, asikie.

"Hapa tunalinda, hatuchome! Weye mzee, ulisomea wapi?"

"Ku moto, shefu."

Tukacheka. Yeye hapana. Akasema mwenye atawasha, atafukuzwa. Mwaka ile hatukuchoma.

Mwezi ya kenda moto ikatoka ku mashamba ya bantu, upepo nyuma yake. Tulikuwa babili, miye na Ngoie, matawi ya kupiga moto mu mikono. Miye nikajitupa mu maji. Ngoie alikuwa upande ya nyasi. Moto ilipopita, miye na benzetu ba kazi tulimukuta amekufa.

Kilufya akaniita ku biro. Karatasi yake ilisema Ngoie njo aliwasha moto. Nilisoma kidogo tu, lakini ile niliweza kuisoma.

"Tia sinyatire yako hapa chini, ao rudisha uniforme ya kazi."

Nikatia. Ku kilio bantu balisema paka vile karatasi ilisema: mzee alijichoma mwenyewe.

Sasa nimeacha kazi, kifua haitaki tena. Misafwa imeota upya, na bale banafanya kazi leo banachoma tena mwezi ya tano. Njo muzuri. Muendelee. Lakini mujue Kilufya aliua muntu, na miye nilimusaidia kuzika jina ya Ngoie.

Mama Ngoie, mujane ya kapita, ananisalimiaka ku njia ya soko, anauliza kifua iko namna gani. Leo nitamupatia haya maneno, na nitasimama mbele yake mupaka amalize kuyasoma.