Ng'ombe wa Mtu wa Balangdalalu

Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Mama alikuwa akitia kijinga cha moto ndani yake, anakitikisa, anakung'uta majivu, na nyumba yetu ya Tlawi inajaa harufu ya moshi iliyonifuata hadi darasani. Zizini tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, nami, binti mwenye kiburi kisicho na mtaji, niliona aibu. Sikujua kwamba baba alikuwa na wengine, kila mmoja kwa rafiki yake. Kwetu ndivyo mtu alivyoweka akiba. Anayemtunza ng'ombe wako hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia boma moja, haukumalizi. Tena mtu akichungulia zizi lako hawezi kujua utajiri wako, jambo ambalo wazee wetu walilipenda kupita kiasi.

Kiangazi kimoja homa ya ndigana ikamuua ng'ombe wetu wa nyumbani, na ng'ombe wa majirani nao ikawapunguza. Mama alikuwa ametoka kuugua, maziwa yake yamekauka, na mdogo wangu Paskali alikuwa bado mchanga. Alipewa uji mwepesi wa ulezi, akautapika. Kilio chake kikawa chembamba, kisha kikawa cha kusikilizia. Kati ya ng'ombe wa baba, aliyekuwa akikamuliwa ni mmoja tu, yule aliyekuwa Masakta kwa mzee Bura. Hapo mama, mwanamke mpole, akafoka: "Baba Regina, ng'ombe wako ananenepesha watoto wa watu, na wa kwako anakufa. Kamlete!" Baba akachukua kamba, akaondoka.

Alirudi na kamba hiyohiyo, hana ng'ombe. Mke wa Bura alikuwa amejifungua mapacha, na maziwa ya ng'ombe wetu ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia. "Nimefika, nimewaona, nimeshindwa kumfungua," alisema. Mama alimbeba Paskali akaingia ndani. Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi. Niliona ana huruma ya kugawa kwa watu wa mbali huku wa kwake akiisha mbele ya macho yake.

Kabla juma halijakwisha, mzee Bura akatokea kwenye mteremko, vumbi hadi magotini, akimswaga ng'ombe mwekundu na ndama wake. Nilimwambia shikamoo huku macho yangu yako kwenye kiwele. "Marahaba, mwanangu. Lete kibuyu." Mama akauliza ng'ombe ni wa nani. "Wa mtu wa Balangdalalu," Bura akasema. "Nimemwendea nikamweleza habari za mtoto. Ninyi hamumjui, naye hawajui ninyi. Kaeni naye mpaka mtoto atembee." Mama akaketi palepale chini, akalia kwa sauti. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini mtu huyo hakuwa hata rafiki.

Siku hizi nafundisha uchumi sekondari. Nawaambia wanafunzi kwamba mahitaji ya binadamu hayana kikomo na rasilimali ni chache. Wananakili, nami nahisi nimewaficha nusu ya somo. Nayakumbuka maisha yale kwa hamu, ingawa najua yalikuwa na njaa yake. Paskali ana ng'ombe wa kisasa wanaolishwa bandani, na bei ya maziwa huifuatilia kwenye simu. Simlaumu. Malisho yamelimwa yote, na maziwa hayo ndiyo yanayosomesha wanawe.

Likizo iliyopita nilikuwa kwake wakati mwanamke mmoja jirani, aliyefiwa na ng'ombe, alipokuja kumwomba mmoja wa kutunza. Mgongoni alikuwa na mtoto. Paskali alimjibu kwa adabu kwamba mali bila daftari huisha bila habari, akamtajia bei ya lita. Yule mwanamke akashukuru, akaaga. Mama, ambaye sasa ni bibi kizee, alikuwa akichambua maharage barazani.

"Paskali," akasema, "yule wa Balangdalalu alikufa sijamwona uso. Shukrani yake nimekaa nayo miaka yote hii. Ulitaka nimpe nani, kama si huyu?"

Paskali akageuka kutazama njia. Yule mwanamke alikuwa bado hajafika barabarani.