Mshono wa Ardhini

Pale kwenye karakana ya kushona mikanda ya ndege, ng'ambo ya uwanja, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mikanda, na alistahili, maana abiria wengi waliofungwa salama kwenye viti vyao walifungwa na mkono wake bila kumjua. Yeye mwenyewe alipanda ndege mara moja tu, tena akiwa nusu hajitambui: uchungu ulimshika vibaya, mtoto amekaa kombo, mafuriko yamekata barabara, na rubani mwenye huruma akamkimbiza hospitali. Binti akazaliwa mzima. Binti huyo alipoanza kutamka maneno vizuri, ndege nyingine ikamchukua baba yake, fundi wa injini aliyepanda kusikiliza mlio siku ya majaribio. Haikurudi.

"Mimi na ndege tumetoka sare," alizoea kusema. "Imenipa, imeninyang'anya. Aliye juu ya zote ni Mungu."

Ila alimwomba binti yake jambo moja. "Soma utakavyo, mwanangu. Lakini usipande chombo cha majaribio bila kuniambia. Sisemi usipande. Nasema niambie, nipige magoti mapema."

Binti akaahidi, kiganja chake ndani ya kiganja cha mama. Akasoma, akawa mhandisi kwenye shirika linalorusha vile vyombo vinavyotazama mawingu kutoka angani na kuonya watu kabla tufani haijawafikia. Mama alijivuna mpaka akajiombea toba.

Sasa, karakanani kwao kulikuwa na desturi. Kitu cha kutumika ardhini hushonwa mstari mmoja, kwenda na kurudi, basi. Kitu cha kuruka hushonwa mitatu, kisha aliyekishona hujifunga yeye mwenyewe na kuning'inia kwenye boriti, miguu hewani, wenzake wakimtania.

"Mama Mikanda, utatuangushia paa!"

"Likianguka si litakuangukia wewe? Mbona bado umekaa?"

Ndiyo maana binti alipokuja kuagiza mkanda, na vipimo vya mwili wake, mama alimuuliza analomuuliza kila mteja: "Wa juu au wa chini?"

"Wa chini, mama. Wa kiti cha mazoezi tu, kimegongomelewa sakafuni."

Kaka yake Mama Mikanda alikuwapo, amemsindikiza mpwa wake. Akainama kutazama viatu vyake kana kwamba vimemsemesha. Mama hakujali. Alishona mshono wa ardhini, umenyooka kama uzi wa mwashi, wala hakuning'inia.

Ukweli ulimkuta mbele ya televisheni ya karakana, chai mkononi. Watu watatu walisimama kando ya roketi, wakitambulishwa kuwa wa kwanza wa nchi yao watakaopelekwa nje ya anga. Wa katikati alikuwa binti yake. Vigelegele vikapigwa. "Hongera, mama wa nyota!" Lakini macho yake hayakukaa usoni pa mwanawe. Yalikaa kifuani, kwenye mkanda wa buluu, mshono mmoja.

"Ule ni wangu," alisema taratibu. "Na si wa kuruka."

Alitoka na aproni yake mpaka dukani kwa kaka yake.

"Ulijua?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekuuliza."

"Nilijua. Na msimamizi wako wa karakana alijua. Tulikuonea huruma, tukasema tukuepushe na hofu."

"Huruma! Mkaniacha nimshonee mwanangu sanda?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha kaka zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako, nami changu nimekipiga pasi mwenyewe. Mpigie simu. Aje, na mkanda."

Binti alikuja kesho yake mchana, mkanda kwapani, macho mekundu.

"Mama, waliupima kwa mashine. Ukafaulu."

"Mashine haina mtoto. Kwa nini uliniambia wa chini?"

"Ningesema wa juu, ungejua. Ungelia, nami ningeghairi. Niliutaka mkono wako uwe kifuani pangu kule juu. Basi."

"Ukautaka mkono, ukaukimbia mdomo." Akachukua kifumulio. "Siku ya kwanza ningekukatalia. Ya pili ningelia. Ya tatu ningekushonea mistari mitatu. Wewe hukunipa hata ya kwanza."

Akafumua mshono wote. Akashona upya, mistari mitatu, binti amesimama kando kama mteja. Kisha akajifunga mkanda ule uliokatwa kwa mwili mwembamba, ukambana mbavu, akapanda kigoda na kuning'inia kwenye boriti. Hakuna aliyetaja paa. Msimamizi alijitia kutafuta kitu kabatini.

Alikaa hewani hadi pumzi ikamfupikia, midomo ikimchezacheza kwa sala. Akashuka, akaufungua, akaukunja.

"Sasa ni wa juu. Nenda na Mungu."

"Umenisamehe, mama?"

"Mbele za Mungu, ndiyo, tangu asubuhi. Mimi mwenyewe bado sijafika."

Binti akanyoosha kiganja, kama siku ile ya ahadi. Mama alikuwa ameshainama, anaokota sakafuni nyuzi alizofumua, mmoja mmoja, na mikono yake ilikuwa imejaa.