Wali wa Watu wa Hifadhi

Juzi hapa Msangano watu wa hifadhi walituita ofisi ya kata, wakasema ni mafunzo ya ushirikiano. Tumefika tu, hata hatujafundishwa kitu, tukakuta wali na nyama viko tayari mezani.

"Karibuni mama zangu, tule kwanza, tufahamiane," akasema afisa wao, huku anafunua sufuria mwenyewe.

Mimi nikasimama. Ugomvi wa ukoo wetu nimeuamua miaka mingi, na kwetu chakula huja mwisho. Anayekula kabla kosa halijatajwa, huyo amekwisha kusamehe.

"Mjukuu wangu, lile jiwe la mpaka mliloliweka katikati ya ufuta wangu, linatoka au linakaa?"

"Bibi, hiyo mada iko kesho."

"Na kesho utakuja wewe?"

Akamtazama dereva wake. Dereva akatazama viatu.

Jirani yangu, sahani imejaa mkononi, akaninong'oneza, "Dada, wali unapoa."

"Na upoe! Shamba likienda, wali huu utaula mpaka lini?"

Akairudisha sahani mezani. Na wengine wakarudisha za kwao. Afisa akafunika sufuria, akaomba tumpeleke shambani. Alipoliona lile jiwe, akalizunguka mara mbili, halafu akaandika kwenye daftari.

Wenzangu wakaniuliza kama sasa tunaweza kula. Nikawaambia bado. Mimi kusoma sijui, hicho alichoandika nataka nikisikie kwa mdomo wake.