Nilivyomwinulia mguu muuza matairi

Leo nimemwinulia mguu muuza matairi, wala sikuwa namtukana.

Kesho binti yetu anaolewa kijiji cha Mute. Mchele na nazi za karamu vitakwenda kwa tela letu, na matairi yake yamekwisha.

Sasa, ndara zangu zimekatwa kwenye tairi kuukuu. Nikamwonyesha soli.

"Nataka la namna hii. Nimelivaa mpaka Awasse, halijapasuka."

Akaliangalia kwa adabu.

"Mzee, hili la gari dogo. Tela la mizigo linataka tairi gumu ubavuni. Kwani mwenyewe una uzito gani?"

Mke wangu, niliyekwenda naye, akaniwahi kujibu: "Mifupa na domo."

Nimenunua magumu. Tumeyajaribu kwa kumpandisha mke wangu juu ya tela. Hayakubonyea, alhamdulillahi.

Karamu ipo, njooni. Atakayemsomea haya, hapati wali.