Ganzi ya Ulimi wa Mzee Duan

Mzee Duan Shaoting ndiye aliyekuwa mpishi wa mzizi wa fuzi kijijini kwetu, na hakuna aliyemteua. Fuzi hutia joto mifupa iliyopigwa na baridi ya milimani, lakini ukikosea mapishi unasimamisha moyo. Kwa hiyo kila majira ya baridi yakianza tulimwachia yeye. Aliuloweka, akauchemsha kutwa kucha bila moto kulegea. Maji yakipungua aliongeza ya moto tu, ya baridi hata tone hapana. Ndipo akatia miguu ya nguruwe.

Halafu mpishi hula kwanza, mbele ya shahidi. Kijiti cha udi kinawashwa. Kikiisha na ulimi wake hauna ganzi, kijiji kinakula. Ukiingia ganzi, chungu chote kinamwagwa na mpishi huyo haaminiwi tena. Chungu cha Duan hakikuwahi kumwagwa.

Shahidi wake alikuwa mkewe, Yuzhen. Alimkodolea macho na kumtania, "Ukifa leo, kesho naolewa!" Sisi tulioshika bakuli uani tukaangua kicheko. Yuzhen alifariki mwaka juzi. Mwana wao yuko mjini Kunming, anapiga simu akikumbuka.

Mwaka huu, katika kijiji jirani, watu walikula fuzi iliyochemshwa harakaharaka, na wengine wakazikwa. Kipaza sauti cha matangazo ya kijiji kikawa hakilali: msile mzizi, msile mzizi. Vijana wakatuapisha sisi wazee kwa simu tusiuguse. Duan akapika vilevile. Ubishi alizaliwa nao.

Mchana niliona moshi wake, na ua mtupu. Mabakuli alikuwa ameyapanga yote, kama zamani. Mimi jirani yake, mwanamke mwenye hasira za karibu, nikaenda kumgombeza.

"Kaka Duan, una wazimu? Unampikia nani?"

"Atakayekuja."

"Nani huyo?"

"Si wewe hapa, shemeji?"

"Mimi sili! Mwanangu kanikataza. Nimekuja kukutazama tu, usije ukafa peke yako kama paka."

Alicheka, akanivutia kigoda. Akawasha udi, akala kipande, tukakaa. Kisha akaanza kusema, na alipoanza hakuwa na breki. Alieleza magoti yake, akaeleza mbuzi aliyemuuza na sasa anamkumbuka, akaeleza anavyoiacha televisheni ikiwaka asubuhi hadi usiku ili nyumbani kuwe na mtu anayesema. Nilimhurumia mpaka nikakasirika tena, safari hii sijui nimkasirikie nani.

Udi ukaisha. Nikasimama, nikakung'uta nguo.

"Haya, mzima wewe. Ulimi vipi?"

Alitazama mlango, akatazama chungu.

"Una ganzi," akasema.

Nikageukia mlango. "Nimwite daktari?"

"A-a, si nyingi. Kaa kwanza. Washa udi mwingine."

Nilimshika mkono: mapigo sawasawa. Midomo ilikuwa na rangi yake, vidole havitetemeki. Nikamchemshia chai upesi jikoni, nikammiminia. Akaonja, akakunja uso.

"Chai gani hii, shemeji? Majani umeyahurumia? Halafu inanuka moshi."

Nilibaki na birika mkononi. Ulimi wenye ganzi haujui chai kali wala hafifu, hilo hata watoto wetu wanalijua. Mtu huyu alikuwa mzima kama jiwe, na chungu chake kilikuwa kizuri kama miaka yote. Ameliuza jina lake, jina pekee alilobaki nalo kijijini, ili mimi nisirudi nyumbani.

Neno "mwongo" lilinifika mdomoni. Nikalimeza, nikawasha udi wa pili.

Ulipoisha, tukakibeba chungu, yeye upande huu na mimi ule, tukamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Mchuzi ulinukia mpaka mate yakanijaa, na magoti yangu nayo yalikuwa yanauma. Duan aligeuza uso.

"Kesho watasema Duan kazeeka," akasema. "Hapiki tena."

"Watasema."

"Wewe ndiye shahidi. Utawaambia."

"Nitawaambia, kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Jua lilikuwa bado juu, na kwangu pia hakukuwa na mtu aliyeningoja.

"Ulimi je?" nikamuuliza.

"Bado, shemeji. Bado kidogo."

Nikarudi ndani, nikachukua kijiti kingine.