Uyoga wa Makaburi ya Boko

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Boko hakuna aliyeingia makaburini na jembe pasipo msiba. Nyasi zilifyekwa tu, hazikulimwa wala kuchomwa, na kila masika ardhi ile ilitoa uyoga ambao sijauona kwingine: mwekundu kama pilipili, wa njano, na ule mweupe mkubwa ambao mmoja ulitutosha kitoweo. Bibi yangu, mtu wa Newala, alinifundisha kuuchuma. Unawapigia hodi wenyewe waliolala mle kwanza, kisha ule wa kwanza kuuchuma unauacha juu ya kaburi. Babu alizikwa mle, kwa hiyo siku zote ulikuwa wake.

Kisha jirani yetu, Baba Jofrey, akasogeza kiwanja chake mpaka ndani ya makaburi. Alichoma nyasi, akasawazisha kaburi la babu, akaanza msingi wa nyumba juu yake. Bibi alimfuata, nami nimemshika kanga.

"Shikamoo bibi. Mie niliona majani tu hapa, hamna ishu," alisema, huku anachota mchanga.

"Marahaba. Jenga, baba. Wenyewe watakuja kukusalimia sebuleni."

Tuliporudi nyumbani Bibi alilia. Mimi sikulia. Nilimwomba Mungu amwadhibu yule mtu, na nilikuwa namaanisha.

Masika ya pili, uyoga mweupe ulipasua sakafu ya sebule yake. Mchwa walikuwa wamekwisha kula miimo ya milango na kenchi za paa. Mtaa mzima ulikwenda kushangaa, watu wakasema malipo ni hapa hapa duniani. Leo najua uyoga ule huoteshwa na mchwa, na kwamba alijenga juu ya kichuguu. Sawa. Lakini siku ile nilicheka mpaka Bibi akanifinya, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka ndani ya kanga.

Baba Jofrey alihama, nyumba ikaanguka. Wanasema kisasi hakirudishi kitu. Kweli, kaburi la babu halionekani tena, na pale alipochoma na kusawazisha, ule uyoga mwekundu haujaota mpaka leo. Ndiyo maana sehemu iliyobaki nailinda kwa ukali.

Mwaka juzi Baba Jofrey alifariki, wakamleta kumzika humo humo. Wanawe walitaka saruji na vigae. Nikawaambia mbele ya waombolezaji kwamba hapa tunaacha nyasi.

Masika iliyopita uyoga uliota juu yake. Nilipiga hodi, maana nililelewa. Kisha nikauchuma wote, nikaupika kwa nazi, nikala. Sikumwachia hata mmoja.